UZI: Duka langu ni simu, na simu ndiyo iliyoninyima usingizi. Tuongee ukweli kuhusu mitandao na afya ya akili

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta mara tatu, leo naushusha ulivyo. Ni mrefu, anayechoka apumzike arudi baadae.

Mimi nauza magauni na vitenge mtandaoni, niko Dar, mwaka wa sita huu. Sina fremu wala kibanda, mzigo unakaa chumbani kwangu, duka langu ni simu. Asubuhi napiga picha, mchana najibu DM za "bei gani" na "mnapatikana wapi", jioni boda anakuja kuchukua mizigo ya Tegeta na Mbagala na Kigamboni, usiku napiga laivu. Kwahiyo mtu akiniambia achana na simu ni sawa na kumwambia mama ntilie aachane na moto. Naomba hilo mlishike mapema, maana ushauri mwingi ninaousoma juu ya mitandao na afya ya akili unamuongelea mtu anayeshika simu kwa starehe tu, sisi ambao ugali unatoka humo humo hakuna anayetukumbuka.

Yangu yalianza taratibu. Biashara ilishuka, wenzangu wakaniambia laivu za usiku ndio zina watu, na kweli zina watu, na bando la usiku bei yake ni rahisi kuliko la mchana, basi ikifika saa sita najiunga, nawasha taa, nauza mpaka saa nane. Saa nane laivu imeisha ila bando bado lipo, na kitu ulicholipia kinauma kukiacha, nalala chali naanza kuskroli. Naangalia nini? Wauzaji wenzangu. Kuna dada tulianza naye mwezi mmoja, tulikuwa mpaka boda tunachangia, leo ana duka la vioo, anaenda Guangzhou kufuata mzigo anajirekodi uwanja wa ndege na mabegi yake. Nilikuwa nahesabu komenti zake wakuu. Nakaa nahesabu. Nilikuwa najua video yake ya juzi imeangaliwa na watu wangapi, mwanangu kala nini shule sijui. Na sio kwamba namchukia, namuombea kheri mpaka leo, ila kila nikitoka kwenye ukurasa wake naona chumba changu kidogo, mzigo wangu mchache, umri unaenda.

Saa kumi na moja alfajiri mtoto anaamka kujiandaa na shule. Hapo nimelala masaa mawili, siku nyingine hata hayo hayafiki. Miezi kama saba hivyo hivyo.

Mwili ukaanza kusema wenyewe. Moyo unaenda mbio na nimekaa tu, vidole vinakufa ganzi, chakula hakipiti, ujumbe ukiingia tumbo linakata. Siku moja mteja akaandika kwenye komenti kwamba mimi tapeli, gauni lilichelewa siku mbili kwa sababu mvua ilinyesha boda akashindwa kupita, basi watu ambao hawajawahi kununua kwangu hata kanga wakaja kunitukana usiku kucha na mimi nasoma moja moja, nikimaliza naanza upya.

Mama akasema vidonda vya tumbo. Shangazi akasema kijicho cha watu, nikasomewa, na dua sikatai, siku ile nilipata utulivu kabisa, ila usiku nikarudi kule kule. Hospitali nikapimwa presha, malaria, taifodi, sukari, vyote safi, nikarudishwa na vidonge vya tumbo. Mara ya tatu ndio nikakutana na daktari mmoja kijana, akafunga faili akaniuliza "dada, unalala saa ngapi?" Nililia pale pale. Katika wote hao hakuna aliyewahi kuniuliza.

Akaniambia ni sonona pamoja na wasiwasi uliopitiliza, akanipeleka kwa mtu wa ushauri nasaha nikaenda wiki nane. Kuanzia hapo nikawa nasoma sana habari hizi, na nilichokikuta hakiendi upande mmoja. Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 2018 walichukua wanafunzi 143, kundi moja wakaambiwa wabaki na dakika 10 tu kwa siku kwenye kila mtandao, Facebook dakika 10, Instagram 10, Snapchat 10, wiki tatu, wengine waendelee kama walivyozoea. Waliopunguza upweke ukashuka, na sonona ikashuka hasa kwa wale walioanza wakiwa nayo nyingi. Waliopunguza, sikusema walioacha, na hilo mimi lilinipa moyo sana. Wengine huko huko Marekani waliwalipa watu wazime Facebook wiki nne kabla ya uchaguzi wa 2018, wakajikuta na kama saa moja ya ziada kila siku na furaha ikaongezeka, ila kidogo, kidogo kweli.

Halafu kuna Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford, 2019, wao walipitia takwimu za vijana zaidi ya laki tatu na nusu wakakuta matumizi ya vifaa vya kidijitali hayaelezi zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti ya hali zao za akili, wakasema athari yake inakaribiana na ya kula viazi. Hapo nilikasirika, nikasema hawa hawajawahi kukaa macho saa tisa usiku. Baadae nikaelewa. Kwenye hao laki tatu na nusu yumo anayeongea na bibi yake kijijini na yumo anayehesabu komenti za mwenzake, ukiwachanganya kwenye chungu kimoja chumvi haisikiki.

Mimi naona swali la "masaa mangapi" halitoshi. Swali ni saa ngapi ya siku, unafanya nini humo, na hayo masaa umeyatoa wapi. Mimi niliyatoa kwenye usingizi. Nawasikiliza.

#2

Pole sana dada, ila mimi nina mtazamo tofauti na naomba usinielewe vibaya. Niko Mbeya, nina miaka 43. Mzee wangu hakuwa na simu, hakuwa na hata redio, na alikuwa halali. Madeni ya mbolea, mvua imekata, watoto sita wanadaiwa ada. Nilikuwa namsikia anatembea uani usiku wa manane. Ile ilikuwa sonona, sema jina lilikuwa halijafika kwetu. Leo mkisema mitandao mitandao mnawapa unafuu wanaotakiwa kuulizwa kuhusu ajira. Dada mwenyewe umesema biashara ilishuka ndio ukaanza kukesha. Biashara ingekuwa nzuri ungekesha?

#3

Habari kutoka Nairobi. Naomba niongeze kitu ambacho watu wengi hawakifikirii. Sisi tunaongea juu ya anayetazama, lakini kuna mtu anatazama kabla yetu ndio sisi tusione. Hapa Nairobi kulikuwa na vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama kuchuja maudhui ya Facebook, wametoka Kenya, Ethiopia, Uganda, Somalia, Afrika Kusini, kazi ni kukaa mbele ya skrini wakiangalia mauaji, ubakaji, watoto wakiumizwa, video baada ya video, waamue ifutwe ama ibaki. Mmoja wao, Daniel Motaung, alizipeleka Facebook na Sama kortini mwezi wa tano 2022, na mwaka uliofuata wenzake 184 wakafungua kesi yao. Desemba 2024 ndio ikatoka kwamba zaidi ya 140 kati yao walipimwa na Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili pale hospitali ya Kenyatta, akawakuta na PTSD, yaani ule ugonjwa wa akili unaompata mtu aliyetoka vitani. Wengi wao hali mbaya kabisa. Facebook ilijaribu kusema korti za Kenya haziwezi kuisikiza kesi hiyo, Mahakama ya Rufaa ikakataa Septemba 2024.

Sasa nikisoma mtu akilinganisha na viazi naskia uchungu. Viazi havina mtu anayekaa nyuma akivitazama mpaka alie.

#4

Assalaam aleikum. Mimi niko Muscat, kazi za ndani, mwaka wa nne. Nimesoma uzi wote nikiwa jikoni. Dada yangu mleta uzi, nakuelewa, ila nami nataka kusema yangu. Bila hii simu ningekuwa nimeshachanganyikiwa. Mwanangu nilimwacha ana miaka miwili, amejifunza kusoma huku mimi namsikiliza kwa WhatsApp. Mama yangu akiumwa namuona uso. Nyumba ya kwanza niliyofanyia kazi nilikuwa nanyang'anywa simu napewa Ijumaa tu, na hiyo ndio miezi niliyoumwa kweli, nilikuwa naongea peke yangu.

Lakini niseme haki pia. Kuna usiku naongea na mwanangu nalala vizuri sana. Na kuna usiku sipigi, naangalia tu stetasi za watu wa kwetu Tanga, huyu kaolewa, huyu kaweka bati, huyu kaenda umra, na mimi naonekana kwao nimeula maana nipo Uarabuni. Usiku huo silali. Simu ile ile, kitanda kile kile.

#5

Mimi ni mwalimu wa sekondari, bweni la wasichana. Shuleni simu ni marufuku kwahiyo watu wanadhani sisi tatizo hili halituhusu. Subirini likizo. Mtoto miezi mitano hajashika simu, anakabidhiwa ya mama mwezi wa sita au wa kumi na mbili, anazama humo wiki nne mfululizo usiku na mchana, hakuna aliyemfundisha kitu. Wanarudi shule nawaona. Wawili watatu kila muhula hawali. Mmoja aliniambia "mwalimu mimi mbaya", nikamuuliza kakwambia nani, akasema hakuna, nimejiona. Alikuwa amejipiga picha na filta likizo nzima, akirudi kwenye kioo cha bwenini uso ule haupo. Miaka 15.

Na kampuni zinajua. Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alipotoa nyaraka za ndani za kampuni hiyo, ambayo ndiyo yenye Instagram, mwaka 2021, mojawapo ilionyesha wao wenyewe waliuliza wasichana waliokuwa tayari wanajisikia vibaya juu ya miili yao, mmoja kati ya watatu akasema Instagram inamzidishia. Waliandika wenyewe kwenye slaidi zao, haikuwa kelele za walimu. Australia wameamua kufungia akaunti za walio chini ya miaka 16 kuanzia Desemba 10, 2025. Mimi sijui kama hiyo kwetu itafaa, mtoto wetu anatumia simu ya mama na akaunti ya mama, utamfungia nani? Ila kumkabidhi simu bila neno lolote hiyo hapana, wazazi mliomo humu nawaomba.

#6 Mleta uzi

Nimerudi, nilikuwa nafunga mizigo.

Kaka wa Mbeya, sijakuelewa vibaya hata kidogo. Umeniuliza biashara ingekuwa nzuri ningekesha, na nimekaa na hilo swali tangu mchana. Jibu la kweli ni kwamba shida ya hela ndio iliyonipeleka, ila haikuwa shida ya hela iliyonibakisha pale. Baba yako alikuwa anatembea uani na madeni yake mwenyewe, Mungu amrehemu kama ametangulia. Mimi nilikuwa nimelala na madeni yangu pamoja na mafanikio ya watu elfu moja. Zamani jirani mwenye nacho alikuwa mmoja, jioni anafunga geti humuoni mpaka kesho. Huyu wa kwenye simu hafungi geti.

Na geti hilo limeachwa wazi kwa makusudi. Mnakumbuka zamani ukifika mwisho wa ukurasa unabonyeza ukurasa wa pili? Pale palikuwa na sekunde ya kujiuliza naendelea au nalala. Mwaka 2006 Aza Raskin akabuni ule mtindo wa ukurasa usioisha, unavuta tu vinakuja vingine, na yeye mwenyewe baadae amesema hadharani anajutia. Ile sekunde ndio waliyoiondoa. Mimi nilikuwa naihitaji sana ile sekunde.

Dada wa Muscat, wewe umesema kwa mistari miwili nilichozunguka nacho ukurasa mzima. Simu ile ile kitanda kile kile. Mwalimu wangu wa ushauri aliniomba niandike kwenye daftari wiki moja, kila nikiiweka simu chini niandike nilikuwa nafanya nini na najisikiaje. Nikaja kuona kuongea na wateja hakukuwa kunaniumiza, hata wale wasumbufu. Kulikuwa kunaniumiza kutazama tu kimya kimya na kujilinganisha. Pole sana na umbali dada, mwanao atajua ulivyompigania.

#7

Nasoma tu huwa sichangii. Saa hizi ni saa tisa usiku. Nimemaliza chuo 2022, kazi hamna, wenzangu wote kwenye grupu letu wanaweka picha za ofisini. Nimeacha kupokea simu za nyumbani maana wataniuliza. Kuna siku nawaza bora nisingekuwepo. Samahani kwa kuharibu uzi.

#8

Mdogo wangu #7, hujaharibu chochote, umefanya vizuri sana kuandika. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi wodi ya akili, nakuomba unisome taratibu. Mawazo ya "bora nisingekuwepo" ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na yanatibika. Kesho asubuhi nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, pale mapokezi sema unataka kliniki ya afya ya akili, huna haja ya kuwaeleza zaidi. Ukishindwa kwenda peke yako mpigie mtu mmoja tu, huyo mmoja usimfiche. Na mawazo yakigeuka kuwa mpango usisubiri asubuhi, amsha mtu aliye karibu nenda naye dirisha la dharura usiku huo huo.

Niseme na hili kwa wote maana najua linawazuia watu. Wengi hawaji kwetu kwa kuogopa polisi kwa sababu sheria yetu Tanzania bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya Mahakama Kuu Januari 2025 ilitamka kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba, natamani na sisi tufike huko. Lakini kuwa na mawazo na kumwambia daktari sio kosa, hakuna mtu atakukamata kwa kusema umechoka. Mwenye mtoto au mwanafunzi ana tatizo kuna namba 116 ni bure. Walioko Kenya Msalaba Mwekundu wana 1199, bure pia.

#9 Mleta uzi

#7 nimekutumia ujumbe ndani, nijibu hata nukta tu nijue umeona. Niko macho kwa ajili yako leo, na leo sijutii.

#10

Mleta uzi naomba uje na vitendo, mimi nauza viatu mtandaoni na hayo ya saa nane usiku ni yangu kabisa. Ulifanyaje bila kufunga biashara?

#11 Mleta uzi

#7 amejibu wakuu. Yupo kwa dada yake, wameamkia hospitali wote wawili, ameniruhusu niseme hivyo tu.

Wa viatu, nakueleza nilichofanya mimi, wewe utaona kinachokufaa. Cha kwanza nilinunua saa ya mezani ya kuamshia Kariakoo, maana kisingizio changu cha kulala na simu kilikuwa ni alamu. Simu sasa inalala sebuleni kwenye chaji, mlango umefungwa. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, sitaki kukudanganya, mkono ulikuwa unapapasa mto usiku.

Laivu niliihamishia saa moja jioni mpaka saa tatu. Mwezi wa kwanza mauzo yalishuka, niliogopa mno, nikauza na sahani zangu mbili za harusi kulipia mzigo. Mwezi wa tatu wateja walishazoea saa mpya, na wengi ni kina mama ambao hiyo saa nane walikuwa hawanunui, walikuwa wanaangalia tu kama mimi nilivyokuwa naangalia. Sirudi nyuma kwenye hilo.

Biashara nimeiweka kwenye simu yake, ile ndogo iliyopasuka kioo. Humo sijafolo mtu yeyote, sifuri, wateja tu. Yule dada wa Guangzhou nilimpigia nikamwambia ukweli kwamba nimeacha kumfolo kwa ajili ya afya yangu, alinyamaza kidogo akasema na yeye zile safari anakopa, na kuna usiku analala na dawa. Sasa tunaongea kwa sauti Jumapili Jumapili, hayumo tena kwenye kioo changu.

Komenti anasoma binamu yangu, namlipa elfu tano kwa wiki, matusi anafuta, malalamiko ya kweli ananiletea kwa mdomo. Likifika kwa mdomo linakuwa tatizo la gauni tu, halinifuati kitandani.

Bando la usiku sinunui tena. Juzi niliamka saa tisa nikadhani ni wasiwasi umerudi, kumbe ni mvua. Nikamfunika mtoto nikalala.